Reza ya chuma ya zamani na vifaa vya kisasa: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ukurasa huu ni wa mwenye reza (baiskeli ya mbio) ya chuma ya miaka ya 1970 au 1980, iwe ya mitumba au iliyokaa stoo ya mzee, anayetaka kuifunga gia, breki na magurudumu ya sasa ili aende nayo kazini Nairobi au apande nayo Limuru Jumamosi. Kila fundi ana majina yake, kwa hiyo tukubaliane kwanza. Boksi la krenki ni lile bomba fupi la chini linalobeba ekseli ya krenki. Midomo ni zile nafasi mbili za nyuma ambamo ekseli ya gurudumu hukaa. Direla ni kidude kinachosukuma cheni kutoka gia moja hadi nyingine. Friwili ni gia za nyuma zinazojikaza kwa thredi juu ya habu, yaani kitovu cha gurudumu. Kaseti ni zile zinazoteleza kwenye mifereji ya habu na kukazwa kwa nati moja.

Ninunue nini kwanza?

Usinunue kitu kabla hujapima. Spea nyingi zinazouzwa tena zikiwa bado na karatasi zake zilinunuliwa kwa macho. Tafuta venia (kifaa cha kupimia unene kwa milimita), hata ya plastiki, na uandike: upana kati ya midomo ya nyuma kwa ndani, upana wa boksi la krenki, unene wa bomba la siti kwa nje (nyingi ni mm 28.6, na ndicho kipimo cha klempu ya direla ya mbele); namba iliyogongwa kwenye nguzo ya siti; unene wa shingo ya usukani pale inapozama kwenye uma (mm 22.2 kwa nyingi, 22.0 kwa za Kifaransa), na umbali kutoka katikati ya tundu la breki hadi katikati ya ukuta wa rimu. Nenda dukani na karatasi hiyo. Muuzaji akikwambia "hii inaingia zote", mwonyeshe karatasi.

Nitajuaje kama fremu inastahili gharama?

Ioshe kwa mafuta ya taa na kitambaa, kisha uitoe juani. Pitisha kidole chini ya bomba la juu na bomba la chini, sentimita chache nyuma ya kichwa cha usukani. Ukihisi uvimbe au mkunjo, baiskeli hiyo iligonga kitu kwa mbele, na hata ikipakwa rangi mpya bomba limeshachoka. Kagua nyufa pembeni mwa boksi la krenki na kwenye midomo. Ufa huonekana kama unywele mweusi, na mara nyingi rangi iliyo juu yake imekatika.

Kutu ya nje haitishi. Ya hatari ni ya ndani ya boksi la krenki, kwa kuwa maji ya mvua hushuka kupitia bomba la siti na kutuama humo. Toa ekseli ya krenki, ukwangue ndani kwa ncha ya bisibisi. Kutu ikibanduka na chuma kikabaki kigumu, fremu ni nzima. Bisibisi ikizama, ondoka.

Stika husaidia: Reynolds 531 (bomba lililoanza kutengenezwa 1935), Columbus, Tange na Ishiwata ni majina mazuri. Ila soma stika yote, kwani nyingine zinasema ni mabomba matatu makuu tu. Nguzo ya siti ya mm 27.2 ni dalili ya bomba jembamba la ubora, 25.4 mara nyingi ni dalili ya bomba zito la kawaida.

Midomo ya nyuma ina mm 126, habu ya kisasa ina 130. Nifanye nini?

Fremu za gia 5 zilikuwa na mm 120, za gia 6 na 7 zina 126, na za gia 8 hadi 11 za barabarani zina 130. Tofauti ya mm 4 unaweza kuitanua kwa mikono kila unapoingiza gurudumu, na wapo wanaoendesha hivyo. Tatizo ni kwamba midomo hubaki ikitazama kombo, na ekseli inayobanwa kombo hupinda. Chuma kinakubali kukunjwa kikiwa baridi, basi kikunje mara moja, upumzike. Fremu ya alumini au kaboni usiithubutu. Reynolds 753 pia iache, kwa sababu nguvu yake imetokana na kupashwa moto kwa utaratibu maalumu.

Anza na uzi. Ufunge kwenye mdomo mmoja, uuzungushe mbele ya kichwa cha usukani, urudi hadi mdomo wa pili, uvutike wima. Pima nafasi kati ya uzi na bomba la siti kila upande. Zikilingana, kila upande utasogezwa mm 2. Zisipolingana, fremu ilikuwa imeegemea upande mmoja tangu mwanzo, na upande wenye nafasi ndogo ndio utakaovutwa zaidi.

Tumia ubao wa inchi 2 kwa 4 wenye urefu wa mita moja na nusu hivi. Upitishe kati ya midomo, ncha ya mbele iegemee ubavu wa bomba la siti ulio upande uleule wa mdomo unaousogeza. Weka matambara panapogusana, na nguvu iangukie karibu na mdomo. Ukisukuma katikati ya bomba utalibonyeza. Kisha vuta, achia, pima. Mwanzoni hutaona badiliko kwa sababu chuma hurudi kilikotoka. Ongeza kidogo kidogo, kwani kikishaanza kukubali hukubali haraka, na mwenye pupa hujikuta kwenye 135. Kila mm moja pima tena kwa uzi.

Wengine hutumia fito ya thredi ya M10 (kipenyo cha mm 10) yenye nati mbili kusukuma pande zote kwa pamoja. Ni rahisi, lakini upande dhaifu hukubali kwanza, na kwa kawaida ni ule wa cheni, uliobonyezwa kiwandani kupisha meno ya krenki. Unapata 130 kamili kwenye fremu iliyopinda.

Mwisho nyoosha midomo. Funga boliti ndefu ya M10 kwenye kila mdomo, kila moja ikiwa na nati na washa pana, ncha zake zikutane katikati. Zikitazamana uso kwa uso, midomo imenyooka. Moja ikiwa juu ya nyingine, kunja mdomo wake kwa spana kubwa. Fundi yeyote wa jua kali pale Kamukunji anaweza kukukatia boliti hizo.

Siwezi kubaki na 126 tu?

Unaweza, kwa friwili ya gia 7. Ni njia rahisi na tairi za sasa zinaingia vilevile. Kasoro yake ni ekseli: kwenye habu ya friwili, gololi za upande wa cheni ziko ndani sana, na kipande kirefu cha ekseli hubaki bila wa kukishika. Kwa mashimo na matuta ya Nairobi, ekseli hizo hupinda, kisha hukatika, hasa chini ya mtu mzito. Habu ya kaseti imesogeza gololi hizo nje, karibu na mdomo. Hiyo ndiyo faida kubwa ya kaseti, zaidi ya idadi ya gia. Friwili ya gia 8 tusingemshauri mtu: inarefusha kasoro ileile.

Gia ngapi: 8, 9, 10 au 11?

Kwa Nairobi tunasema 8, au 9 kama umezipata kwa bei nzuri. Cheni ya 8 ina upana wa mm 7 hivi, hustahimili vumbi la murram kuliko ile nyembamba ya 11, na spea zake zinaingiliana na za baiskeli za kawaida.

Ukichanganya vifaa, jihadhari na jambo moja. Leva za gia na direla za Shimano za barabarani za gia 8, 9 na nyingi za 10 huvuta waya kwa kiwango kimoja, kwa hiyo direla ya nyuma ya 9 inafanya kazi na leva ya 8. Kinachoamua idadi ni leva, na lazima ifanane na kaseti. Gia 11 zimebadilisha kiwango, na Tiagra 4700 ya Shimano, ingawa ni ya gia 10, imefuata 11. Hapo ndipo watu wengi huumia: "10 na 10" zimenunuliwa, cheni haitulii hata gia moja, na fundi analaumiwa bure. Kaseti za barabarani za gia 11 zinahitaji pia habu iliyo ndefu kwa mm 1.85. Kinyume chake ni rahisi: kaseti ya 8 huingia kwenye habu ya 11 ukitanguliza washa ya mm 1.85.

Muhimu kuliko idadi ni meno. Reza nyingi za zamani zina krenki ya meno 52 na 42, na nyuma kubwa ni 24. Kwa 42 na 24, gurudumu lenye mzingo wa mita 2.1 husonga mita 3.7 kila krenki inapozunguka. Ukikanyaga mizunguko 60 kwa dakika unakwenda kilomita 13 kwa saa, na ukishindwa kufika mwendo huo mlimani, unasimama. Kwa 34 mbele na 32 nyuma, mizunguko ileile inakupa kilomita 8 kwa saa. Jiji liko karibu mita 1,700 juu ya bahari na Limuru iko zaidi ya 2,200. Mapafu yanaijua tofauti hiyo. Chukua krenki ya meno 50/34, kaseti ya 11-32 na direla ya mguu mrefu.

Magurudumu yangu ni ya inchi 27. Niyaache?

Yabadilishe. Rimu ya 27 ina kipenyo cha mm 630 pale tairi inapokaa. Ya 700C ina 622. Tairi hazibadilishani, na za 27 zimebaki chache. Ukihamia 700C, ukuta wa rimu unashuka mm 4, na nafasi hiyo inakupa tairi nene zaidi. Kwa barabara zetu funga tairi ya mm 28, au 32 fremu ikiruhusu, na uache angalau mm 4 kila upande ili tope la Aprili lisikwame.

Rimu za chuma zilizopigwa kromu zitoe hata kama zinang'aa. Zikilowa, breki huteleza juu yake kama sabuni. Rimu za alumini ndizo usalama mkubwa utakaoununua katika kazi hii yote.

Breki mpya hazifikii rimu.

Rudia kile kipimo cha tundu la breki ulichoandika, na kwa aliyetoka inchi 27 aongeze mm 4. Breki za reza za sasa hufikia mm 39 hadi 49, za kati 47 hadi 57, na ndefu 55 hadi 73. Tektro wanatengeneza zote. Kiatu kikae chini kidogo ya katikati ya mwanya wake, kisigusane na tairi.

Tatizo la pili ni boliti. Breki za sasa hukazwa kwa nati ndefu inayozama ndani ya uma, ilhali fremu ya zamani ina tundu la mm 6 la nati ya kawaida. Toboa ukuta wa nyuma wa uma pekee hadi mm 8, na kwa breki ya nyuma ule wa mbele wa daraja lake. Ukitoboa kuta zote mbili, breki haina cha kushika. Asiyetaka kutoboa anunue breki za nati ya kawaida.

Nunua leva za breki na breki za kizazi kimoja. Leva za sasa zinavuta waya mwingi zaidi, hivyo ukizifunga kwenye breki ya zamani, utabana kwa nguvu zote na baiskeli itasimama taratibu.

Fundi amekaza mpaka akachoka, kikombe cha boksi la krenki hakitoki.

Huenda anakikaza zaidi. Kwenye thredi ya Kiingereza (inchi 1.37, thredi 24 kwa inchi, boksi la mm 68), kikombe cha upande wa cheni kina thredi ya kushoto: hufunguka ukikizungusha kisaa. Ya Kiitaliano (mm 36, boksi la 70) hufunguka kinyume cha saa pande zote mbili, na ya Kifaransa (mm 35) vilevile. Pima boksi kwanza, umwage mafuta ya kupenya usiku kucha, kisha ubane kikombe kwenye jiliwa na uzungushe fremu yenyewe kama usukani.

Baiskeli za Raleigh za zamani zinahitaji tahadhari. Nyingi zina thredi 26 kwa inchi, na boksi la mm 71 au 76. Kikombe cha kawaida kitaingia mizunguko miwili, kitakwama, na ukilazimisha utakata thredi zote. Suluhisho ni ekseli ya krenki isiyotumia thredi, inayojibana kwa kutanuka ndani ya boksi, au kubaki na vikombe vya zamani na kubadilisha gololi.

Fremu yenye thredi ya Kiingereza au Kiitaliano inapokea krenki za sasa za ekseli ya mm 24 bila shida. Vikombe kazeni kwa Nm (nyutoni-mita, kipimo cha nguvu ya kukaza) 35 hadi 50, zile boliti mbili za mkono wa kushoto Nm 12 hadi 14. Grisi iwe nyingi kwenye thredi. Ikiwa fremu imepakwa rangi ya unga, rangi iliyo kwenye mdomo wa boksi ikwanguliwe mpaka chuma kionekane, la sivyo vikombe havitatazamana na beringi zitakwisha mapema.

Nguzo ya siti imekwama kabisa.

Alumini na chuma vikikutana na unyevu huumana. Fungua boliti ya klempu, igeuze fremu, mwaga mafuta ya kupenya kupitia boksi la krenki na juu ya nguzo, usubiri siku mbili tatu ukirudia. Kisha bana kichwa cha nguzo kwenye jiliwa na uzungushe fremu kushoto na kulia. Usiigonge kwenda juu. Ikigoma, ikate ukiacha sentimita 3, halafu uichane kwa ndani kwa msumeno wa chuma, urefu wote, bila kugusa bomba. Ni kazi ya jioni nzima.

Nguzo mpya iwe na kipimo kilekile. Nguzo hupanda kwa mm 0.2, na ya 26.8 kwenye bomba la 27.2 itashuka kila siku hadi uvunje sikio la klempu.

Leva za gia ziko kwenye bomba la chini. Nyaya zitapitaje?

Toa leva hizo, na kwenye vishikio vyake ufunge vizuizi vya waya vinavyouzwa kwa ajili hiyo. Fremu isiyo na vishikio itumie klempu ya mm 28.6. Chini ya boksi la krenki weka kile kipande cha plastiki cha kuongoza nyaya.

Angalia kava za nyaya mtaani. Ya gia ina mm 4 na ndani yake nyuzi zimenyooka. Ya breki ina mm 5 na ndani ni koili. Fundi akitumia ya breki kwenye gia, gia zitakuwa zinabahatisha tu. Akitumia ya gia kwenye breki, kava inaweza kupasuka siku utakapobana kwa nguvu, yaani siku ileile matatu imekukatia mbele.

Fremu haina sikio la kufungia direla, au sikio limepinda.

Lisipokuwepo, kuna sikio la kufunga chini ya nati ya ekseli. Usikubali lichomelewe kwa umeme: mabomba haya yana unene wa chini ya mm 1 na yaliunganishwa kwa shaba au fedha. Anayejua gesi na shaba ndiye wa kumtafuta.

Lililopinda hunyooshwa. Thredi yake ni ya M10 kwa mm 1, sawa na ya ekseli nyingi za nyuma, kwa hiyo chukua gurudumu jingine, kaza ekseli yake ndani ya sikio, na una magurudumu mawili ubavu kwa ubavu. Pima nafasi kati ya rimu hizo juu, chini, mbele na nyuma, ukikunja polepole mpaka zilingane.

Cheni iwe na urefu gani?

Ipitishe gia kubwa ya mbele na kubwa ya nyuma bila kuipitisha kwenye direla, kisha ongeza inchi moja: kiungo chembamba kimoja na kipana kimoja. Fupi zaidi ya hapo itang'oa direla.

Naweza kufunga breki za diski?

Hapana. Uma na mabomba ya nyuma hayakujengwa kubeba nguvu hiyo upande mmoja.

Na Black Mamba, ile baiskeli nzito ya breki za fito?

Iache kama ilivyo. Rimu zake za mm 635 zimeumbwa ili breki za fito zivutwe juu dhidi ya tumbo la rimu, hazina ukuta wa kubanwa kwa pembeni. Utabadilisha magurudumu, krenki ya pini, breki na uma, na mwishoni utakuwa umenunua baiskeli nyingine iliyo nzito.

Fedha ni kidogo. Nigawe vipi?

Tairi na rimu, kisha breki na nyaya, kisha krenki na kaseti zenye meno ya mlimani. Leva za gia zilizo ndani ya breki ni za mwisho. Leva za bomba la chini hazikosi kufanya kazi. Rangi isubiri hadi kazi yote ya kukunja na kutoboa iishe.

Nikishamaliza, nikague nini?

Baada ya kilomita 100 nyaya zitakuwa zimelegea; zungusha kirekebishi cha direla nusu mzunguko kinyume cha saa hadi cheni ipande bila kusita. Kaza tena krenki. Bana spoki mbili mbili kwa mkono, na iliyo laini kuliko jirani zake ikazwe robo mzunguko. Nati ya kaseti iwe Nm 40. Rudi na uzi pia: fremu iliyokunjwa vizuri itatoa kipimo kilekile ulichoandika.